Kicheko cha Mjomba

Kofi la kwanza alilipiga akiwa na mwaka mmoja na miezi kama mitano, likampata mjomba wake shavuni. Mjomba ni dereva wa tuktuk. Alikuwa ameegesha chombo nje akisubiri jua la saa saba lipungue, amekaa kibarazani, mtoto kampakata. Kofi lilipolia, waliokuwapo wote wakaangua kicheko. "Lo, kidume hiki!" Mjomba akajitupa chini, akashika shavu, akalia kilio cha uongo. Kisha akatoa simu. "Hebu nipige tena." Mtoto akampiga tena, safari hii kwa mikono yote miwili, na video ikaenda kwa shangazi wa Mtwapa, kwa binamu wa Lamu, na kwa jamaa mmoja aliye Maskati, ambaye alirudisha ujumbe wa sauti akicheka hadi akapaliwa.

Nyumba iko Malindi, upande wa Muyeye: nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, na ua nyuma ambako wapangaji wote hufua, hupika na hugombania kamba ya nguo. Jina la mtoto silitaji, wala la mama yake. Visa vya nyumba kadhaa nimeviunga kuwa kimoja, na msomaji wa Takaungu au Mambrui akidhani namsema jirani yake, basi hayuko mbali na ukweli.

Mtu akiniuliza kosa lilianzia wapi, sitanyooshea kidole kofi. Mtoto wa umri ule ana maneno machache, na mengi ni majina ya vyakula. Akitaka, hunyakua, akikataliwa, hupiga, akizidiwa, hung'ata. Richard Tremblay, mtafiti wa Kanada aliyewafuatilia watoto wa Quebec kwa miaka mingi, alionyesha kuwa kupiga, kusukuma na kung'ata huanza kabla mtoto hajatimiza miaka 2, hupanda, hufika kilele kati ya miaka 2 na 4, kisha kwa walio wengi hushuka kadiri ulimi unavyofunguka na subira inavyokua. Kabla yake watu walizoea kuuliza mtoto amejifunzia wapi kupiga. Kwa maoni yake kupiga hakuhitaji mwalimu, mtoto huja nako. Anachojifunza ni kuacha.

Na kuacha hufundishwa na watu walio pembeni yake kila siku, kwa nyuso zao zaidi ya maneno yao. Uso wa kwanza aliouona mtoto huyu baada ya kofi lake la kwanza ulikuwa meno thelathini na mawili.

Haukupita muda, akamng'ata binti wa jirani mkononi. Walikuwa wakigombania chupa tupu ya maji. Mjomba alicheka, kwa mazoea. Mama mtu alikuwa kwenye karai akikaanga viazi vya kuuza magharibi. Akaja mbio, akampiga mwanawe kofi la paja lililosikika hadi barabarani. Nitalisema hili hata likiwaudhi wengine: kofi lile halikuwa la mtoto, lilikuwa la jirani. Binti wa watu analia, alama za meno zinaonekana, mamake kasimama mlangoni mikono kiunoni, na macho ya ua mzima yanangoja kuona kama mama huyu anajua kulea. Angekuwa peke yake huenda angemvuta kando tu, yakaisha. Mbele za watu, mzazi asiyeinua mkono huonekana mzembe. Vipigo vingi katika nyumba za kupanga hutolewa kwa ajili ya watazamaji, na mtoto hulipishwa aibu ya mamake, ambayo hata haijui.

Kilichofuata ndicho kilichoharibu zaidi. Mtoto akagaragara chini, akapiga yowe. Babake hufanya kazi ya usiku katika hoteli moja Watamu, mchana ndio usiku wake. Sauti ikatoka chumbani: "Hebu mnyamazisheni huyo!" Mama akalitazama karai linalochemka, akautazama mlango wa chumba, akaiokota ile chupa na kumpa mwanawe. Kimya. Binti wa jirani akapewa kiazi kimoja cha pole.

Sasa ipige hesabu kama angeipiga mtoto. Alitaka chupa, akang'ata, akapata chupa. Kofi lilikuwa nauli tu. Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Oregon, Marekani, alikuwa akichunguza familia majumbani na kuandika nani kafanya nini kwanza na nini kikafuata; mwaka 1982 akatoa kitabu juu ya mzunguko huu. Mtoto hupandisha, mzazi hupandisha, mwishowe mmoja huachia, na mara nyingi anayeachia ni mzazi. Mtoto hupata alichokitaka, mzazi hupata dakika chache za utulivu, na wote wawili wanakuwa wamefundishwa. Kesho wataanzia pale walipofika jana.

Nyanya wa mtoto, aliyekuja kutoka Ganze kumsaidia bintiye ambaye alikuwa na mimba nyingine, alisema "mchelea mwana kulia hulia yeye" wakati wa kofi, na "mtoto akililia wembe, mpe" wakati wa chupa. Zilipishana dakika tano. Hakuna aliyeona tatizo.

Mimba ilipoanza kuonekana, mtoto akaachishwa ziwa. Njia ilikuwa ile ya siku zote, shubiri kwenye chuchu. Usiku akalifuata ziwa kama alivyozoea, akaonja, akamtazama mama yake, akaonja tena. Kisha akapelekwa Ganze wiki mbili ili asahau. Aliporudi, tumbo lilikuwa limemtangulia mama. Na mtoto mchanga alipozaliwa, akapewa ziwa lile lile, bila shubiri. Sisemi shubiri ni dhambi. Wengi wetu tuliachishwa hivyo na tuko hai. Lakini ukimnyang'anya mtu kitanda, ziwa na mapaja ya mama ndani ya miezi michache, kisha ukamwonyesha aliyevipewa, usishangae akitafuta namna ya kulalamika. Maneno ya kulalamikia hana. Meno anayo, na yameongezeka.

Akaanza kung'ata kweli kweli: bega la mama anaponyonyesha, kidole cha nyanya, mguu wa yeyote anayepita na ndoo. Ua ukageuka baraza la ushauri. Mmoja akasema apakwe pilipili mdomoni. Mwingine akasema mfinye paja upande wa ndani, hapaonekani. Wa tatu akashauri atishiwe sindano ya daktari. Akatishiwa, na matokeo yake siku ya chanjo ya mdogo wake alipiga mayowe tangu getini mwa zahanati. Mjomba akasema mwacheni, huyu atakuwa askari. Ushauri ulioshinda ulitoka kwa mama mmoja mwenye watoto watano, mtu wa heshima zake. "Nawe mng'ate, mwanangu. Mara moja tu, ajue uchungu."

Akamng'ata. Aliushika mkono wa mtoto chini ya kiwiko, akauma hadi meno yakaacha duara, akamwinua uso na kumwambia kwa ukali: "Ujue uchungu! Umeujua sasa?" Mtoto hakulia papo hapo. Alikwenda akakaa nyuma ya pipa la maji, na huko ndiko alikolilia.

Kwa siku tatu hakumng'ata mtu. Ua ukafurahi, na mama wa watoto watano akaongezewa heshima. Ndiyo maana dawa hii haipotei: hufanya kazi upesi, na mbele ya macho ya watu. Anayekuambia kofi halimnyamazishi mtoto anakudanganya. Humnyamazisha. Taabu iko mbele. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75 zilizogusa watoto zaidi ya 160,000, wakakuta kwamba makofi ya wazazi huandamana na ugomvi mwingi zaidi kwa mtoto, si mchache. Katika nyumba ya Muyeye haikuhitajika miaka. Ilitosha siku ya nne.

Mama alikuwa uani anaanika nguo. Mchanga, wa miezi mitano, kalala mkekani ndani ya chandarua. Likasikika yowe. Walipoingia walikuta chandarua kimefunuliwa, shavu la mtoto lina alama za meno na damu kidogo, na kakake kachuchumaa kando, kidole kakinyoosha, anasema kwa sauti ya mama yake, kadiri ulimi wake ulivyomruhusu: "Ujue 'chungu! Umejua 'sa?"

Mwaka 1961, katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, Albert Bandura na wenzake waliwafanyia jaribio watoto 72. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa aliyejazwa upepo, kwa ngumi, mateke na nyundo, huku akitamka maneno fulani. Walipopata nafasi ya kucheza na mwanasesere yule, walioona walimpiga kwa mitindo ile ile, na wapo waliorudia hata maneno. Mama wa Muyeye hakuhitaji kulisoma hilo. Alikuwa amempa mwanawe somo kamili, kwamba kung'ata ni kazi ya mkubwa kwa mdogo na kwamba kuna maneno yake ya kusema. Nyumbani mle, aliyekuwa mdogo kuliko yeye ni mmoja tu.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi akaliosha jeraha, akatoa dawa, maana meno ya binadamu yakitoboa ngozi usaha hushika upesi. Kisha akauona mkono wa mvulana.

"Na huyu kang'atwa na nani?"

"Na mwenzake, sista."

Muuguzi akalitazama lile duara. "Mwenzake wa miaka mingapi, mama?"

Mama akanyamaza. Aliogopa polisi, na hofu yake haikuwa ya bure. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na hilo kila mzazi wa Pwani analijua, kwa kuwa wengi hulaumu hilo wakimsema mwalimu. La kwao wenyewe hawalijui, au huliona ni habari ya Nairobi. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, humkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na "kila mtu" haikutajiwa umri. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa bado imemwachia mzazi mwanya wa adhabu ya kiasi. Ile iliyokuja mahali pake mwaka 2022 haikuubakisha mwanya huo. Muuguzi yule hata hivyo hakumtisha mtu. Alimwandikia namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, akamwambia wazazi nao huipiga. Kisha akauliza maswali. Mtoto anasikia vizuri? Masikio yamewahi kutoa usaha? Amewahi kushikwa na degedege, au nyuni kama wengi wa Kilifi wasemavyo? Alipozaliwa alilia mara moja?

Maswali hayo yana msingi hapa hapa nyumbani. Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoko Kilifi tangu 1989, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya watoto zaidi ya 3,000 wa kati ya mwaka 1 na 6 wa Kilifi. Kama 13 kwa kila 100 walikuwa na matatizo ya tabia na hisia, na waliozaliwa kwa taabu au wenye maradhi ya kifafa na degedege walikuwa hatarini zaidi. Mtoto wa namna hiyo asiitwe kichwa ngumu, wala asitafutiwe mganga wa kumfukuza nyuni, ndege anayedhaniwa kuleta degedege. Apelekwe hospitali mapema. Na asiyesikia sawasawa atatii vipi "hapana" ambayo haikumfikia? Wa Muyeye hakukutwa na lolote kati ya hayo.

Yaliyobadilishwa nyumbani hayana maajabu. Mkono ukiinuka, udakwe kabla haujashuka. "Hapana. Hatung'ati." Basi. Wapo wazazi wa siku hizi, waliosoma, wanaomkalisha mtoto wa miaka miwili na kumpa hotuba ya robo saa juu ya hisia za mwenzake. Mtoto hutazama mdomo unavyocheza, na kwake robo saa nzima ya uso wa mama peke yake ni zawadi kubwa. Aliyeumizwa ahudumiwe kwanza, naye akiona. Kilichogombaniwa kisirudi mkononi mwake hata akilia mpaka isha. Kisha afundishwe neno la kutumia: sema nataka, sema zamu yangu. Yote haya wayashike watu wote wa nyumba, baba akiwamo, hata akiamshwa.

Kwa wiki nzima mtoto akawa mbaya kuliko mwanzo. Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, na ndipo ingefaa waonywe mapema. Njia iliyozoea kumpa alichotaka imefungwa, naye ataisukuma kwa nguvu zake zote kabla ya kuiacha. Mama akilegea siku ya sita, mtoto atakuwa amejifunza kwamba yowe la siku tano halitoshi. Nyanya akasema haya ni mambo ya Kizungu, mtoto atatumaliza. Lakini ni nyanya huyo huyo aliyefanya lililosaidia kuliko yote. Alisema kwao mtoto akiachishwa ziwa hulala na hawe wake, yaani nyanya, haachwi akikodolea macho kitanda alichofukuzwa. Akahamisha mkeka, akamchukua mjukuu alale naye, na asubuhi akawa anamfunga mgongoni kwa leso japo miguu ilikuwa ikining'inia hadi mapajani. Hilo hakulitoa kwa muuguzi wala kwa mtafiti yeyote.

Mama naye akaanza kuziangalia saa. Kung'ata kulikuja zaidi kati ya saa tano na saa saba: njaa, joto, na amri ya kunyamaza kwa kuwa baba kalala. Basi chakula kikasogezwa mbele, na saa hizo nyanya akawa anamtoa nje ya nyumba, huko anakoweza kupiga kelele bila kuambiwa shh.

Mgumu kuliko mtoto alikuwa mjomba. Aliitwa uani, akaambiwa mchezo wa ngumi ukome, na ile "nipige tena" isisikike. "Dada," akasema, "mnataka kunifanyia mpwa wangu mwanamke?" Katika ua huo huo wamo wasichana wa umri ule ule wanaong'ata, na hakuna aliyewahi kuwapiga picha. Kwa msichana jino huitwa ukorofi siku ya kwanza. Jirani, mama wa yule binti wa chupa, alikuwa kwenye kamba ya nguo na hakuwa amealikwa kwenye mazungumzo. "Kaka yangu," akasema bila kugeuka, "meno ya mtoto nimeyasamehe kitambo. Kicheko chenu bado."

Mjomba akazira, hakuja siku kadhaa. Alipokuja, mtoto akamkimbilia na kumrushia ngumi kwa mazoea. Mjomba akaudaka mkono na kusema hapana, kama alivyofundishwa, ila alikuwa akicheka, na ikabidi aambiwe tena.

Mtoto sasa ana miaka minne, yuko nasari. Bado husukuma wenzake mara moja moja. Muhula uliopita mwalimu alimwita mama kwa sababu ya msukumo mmoja uliomwangusha mtoto wa watu. Mama hakuuliza nani alianza. Aliuliza ilikuwa saa ngapi. Saa tatu u nusu, akajibu mwalimu, kabla ya uji. Mama akaomba mwanawe awe anapewa uji mapema. Mwalimu akamwonyesha watoto waliojaa mkekani na sufuria moja iliyo jikoni, akamwambia hilo haliwezekani, wote hula pamoja. Wakakubaliana viazi vitamu viwili kabla ya kutoka nyumbani, na mtoto akae mbele, karibu na mkono wa mwalimu.